Ufa wa Daraja Hauzibwi kwa Plasta

Roshani ya nyumba ya mjomba wangu hapa Malindi ilianza na ufa mwembamba kama unywele. Ulikuwa upande wa chini, mahali ambapo mtu haangalii mpaka ajinyooshe mkekani alasiri na kuinua macho. Mjomba akaita fundi. Fundi akachanganya simiti na mchanga, akaziba, akalainisha, akapiga rangi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mzee," akasema, na mjomba akamlipa kwa moyo mkunjufu. Hazikupita kaskazi mbili, kipande cha zege chenye ukubwa wa sinia kikaanguka usiku. Tulipokwenda kutazama asubuhi, kiraka cha fundi kilikuwa palepale, kizima, hata rangi yake haijabambuka. Kilichoanguka ni zege la kando yake, lile ambalo fundi hakuligusa kwa sababu halikuwa na ufa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi ninapovuka madaraja yetu. Mtu wa Malindi hana pa kulikwepa daraja. Akienda kusini anapita Kilifi, juu ya daraja la zege lililofunguliwa mwaka 1991 na kuipumzisha feri. Akiingia kisiwa cha Mombasa anapita Nyali, daraja la zege la mwaka 1980 lililorithi lile la kuelea la mwaka 1931. Akienda kaskazini, Gongoni, Garsen, mpaka Mokowe kupanda boti ya Lamu, lazima auvuke mto Sabaki. Makala haya si ripoti ya ukaguzi wa daraja lolote kati ya hayo. Ni ya kueleza namna uzee unavyoingia katika zege la pwani, kwa nini hauonekani mapema, na kwa nini tiba tuliyoizoea, ya kuziba na kupaka, mara nyingi huongeza ugonjwa.

Zege peke yake ni jiwe. Ukilikandamiza linastahimili sana. Ukilivuta linakatika mapema. Lori likipita juu ya daraja, daraja hupinda kidogo katikati: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Ndiyo sababu nondo hulazwa kwa wingi upande wa chini, zibebe mvuto ambao jiwe haliwezi. Ndoa hii ya chuma na jiwe imedumu kwa bahati mbili. Ya kwanza, vyote viwili hutanuka kwa joto karibu sawasawa, kwa hiyo jua la Machi haliwaachanishi. Ya pili ni ya kikemia. Simiti ikishaganda huacha ndani ya vitundu vya zege unyevu wenye ukali wa chokaa, pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, inapita 12, na katika ukali huo chuma hujivika utando mwembamba mno wa oksidi, usioonekana kwa macho, unaokizuia kushika kutu. Nondo iliyolala ndani ya zege zuri haina rangi wala grisi, na bado inaweza kupita umri wa mjukuu wa aliyeilaza. Sharti ni moja: utando huo usivunjwe.

Wenye kuuvunja ni wawili, hewa na chumvi.

Kazi ya hewa watu wa Lamu wanaijua, ila kwa upande wake mwema. Matumbawe yalichomwa kwenye tanuu yakawa chokaa. Chokaa ikazimwa kwa maji, ikalazwa, kisha ikajengewa. Ikishakaa ukutani huganda polepole kwa kunywa hewa ukaa, ikarudi kuwa jiwe lilelile la mwanzo. Kwa ukuta wa mji wa kale huko ndiko kupona: kadiri miaka inavyokwenda ndivyo chokaa inavyozidi kuwa jiwe. Nondo humo hamna. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Hewa hiyohiyo ikiingia kwenye zege hufanya kazi hiyohiyo, inakula chokaa iliyomo na kuigeuza jiwe. Zege lenyewe halidhoofiki, pengine hata linakuwa gumu zaidi usoni. Lakini ukali unashuka, na pH ikikaribia 9 nondo haina tena utando wa kujistiri. Jambo lililoipa nyumba ya Lamu uhai mrefu ndilo linaloivua nondo nguo.

Chumvi haina subira ya hewa. Kloridi zake huingia na maji mpaka kwenye nondo, na zikitimia kiasi fulani hutoboa utando hapa na pale hata kama zege bado lina ukali wake wote. Wahandisi wengi huchukua asilimia 0.4 ya uzito wa simiti kuwa mpaka wa hatari. Ikianza hivyo, nondo hailiki sawasawa kama bati. Huchimbwa vishimo, na kishimo kimoja kinaweza kuikata nondo ambayo sehemu nyingine bado inang'aa. Chumvi hiyo huweza kuwa imezaliwa na daraja, ikiwa lilichanganywa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa au kwa maji ya kisima cha chumvi. Au inaingia kutoka nje, kila siku, kwa miaka.

Halafu kuna kufura. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya chuma kilichozaa kutu hiyo. Ndani ya zege hakuna pa kutanukia, kwa hiyo kutu inasukuma, na zege, ambalo tumeshasema halipendi kuvutwa, linapasuka. Ufa unaouona leo umechelewa sana. Ugonjwa umekuwamo ndani kwa miaka, umefika kwenye nondo, umeila, umefura, na sasa ndio unabisha hodi.

Kinachoamua miaka hiyo ni mingapi ni unene wa zege kati ya uso wake na nondo ya kwanza. Hapa kuna hesabu ambayo kila anayejenga pwani angepaswa kuijua, awe anajenga daraja au tangi la maji. Hewa na chumvi haziingii kwa mwendo wa mguu, kwamba ukizidisha masafa mara mbili muda unazidi mara mbili. Huingia kwa kuchoka: mwanzo haraka, kisha polepole zaidi na zaidi. Kwa makadirio ya kawaida, kufika kina maradufu huchukua muda mara nne. Igeuze hesabu hiyo uone ubaya wake. Kinga iliyopangwa iwe milimita 50 ikiishia milimita 25, kwa sababu vitofali vidogo vya kuinulia nondo vilisahauliwa na mafundi wakazikanyaga zikazama, muda wa salama haupungui kufika nusu. Unapungua kufika robo. Daraja lililotarajiwa kukaa miaka 60 kabla nondo hazijaguswa, mahali hapo pameguswa kwenye mwaka wa 15. Ndiyo maana daraja moja, la zege moja, la siku moja, huzeeka kwa mabaka: hapa zima, hatua mbili mbele limekwisha.

Watu wengi hudhani sehemu ya nguzo iliyo ndani ya maji ya bahari ndiyo iliyo hatarini kuliko zote. Sivyo. Kutu inataka maji na oksijeni pamoja, na kwenye zege lililozama daima oksijeni ni haba. Pabaya ni pale maji yanapopanda na kushuka. Bamvua hulilowesha zege, maji yakipwa jua hulikausha, maji yanaondoka na chumvi inabaki. Kesho inaongezwa nyingine. Juu kidogo ya hapo kuna mahali pa rasharasha, ambapo kusi hupeperusha maji ya chumvi na kuyapiga kwenye nguzo. Na kuna pengine ambapo wachache hupafikiria: uvungu wa daraja. Uso unaonyeshewa na mvua huoshwa walau mara kadhaa kwa mwaka. Uvunguni mvua haifiki, upepo wa chumvi unafika, na chumvi inajilimbikiza bila mtu wa kuisuuza. Roshani ya mjomba ilianza kufa kwa chini kwa sababu hiyohiyo.

Sasa turudi kwa fundi na methali yake. Nimeipenda methali hiyo tangu utoto na bado naipenda, kwa ukuta wa udongo na wa chokaa. Katika zege lenye nondo na chumvi inahitaji tafsiri.

Kutu ni mambo ya umeme. Katika nondo moja ndefu, sehemu iliyozidiwa na chumvi hutoa elektroni na kuliwa. Sehemu za jirani huzipokea, na kwa kuzipokea zinalindwa. Anayetumia mashine ya boti anajua jambo hili bila kemia. Chini ya mashine kuna kipande cha zinki kilichofungwa makusudi ili bahari ikile hicho, iache bodi. Kikiisha, fundi anafunga kingine, na ole wake anayesema "bado kidogo". Katika zege lenye chumvi, kipande cha nondo kinachooza ndicho kimekuwa zinki ya wenzake. Fundi anapokuja, akachokoa pale penye ufa tu, akajaza simiti mpya isiyo na chumvi, yenye ukali wote, kipande kile kinaacha kuliwa. Wenzake waliokuwa wakilindwa, ambao bado wamelala ndani ya zege la zamani lenye chumvi, wamepoteza mlinzi. Sasa zamu ni yao. Kiraka kinabaki kizima na pembezoni mwake panaanguka. Hicho ndicho tulichokiona asubuhi ile.

Kwa hiyo tiba ya kweli huanza kwa kubomoa zaidi ya macho yanavyotaka. Zege huvunjwa mpaka nyuma ya nondo, ili mkono na brashi vizunguke. Hufuatwa kutu mpaka ilipoishia, na kuipita. Nondo husuguliwa mpaka chuma king'ae, na iliyopungua sana hufungiwa nyingine ubavuni. Hapo ndipo zege jipya huingia. Penye chumvi nyingi hufungwa vipande vya zinki kwenye nondo kabla ya kuzifunika, kwa akili ileile ya mashine ya boti, au nondo zote huunganishwa na umeme mdogo wa kudumu unaozilazimisha ziwe upande wa kupokea. Njia hii ya umeme ni ghali na inataka uangalizi, lakini ndiyo moja kati ya chache zinazoweza kuisimamisha kutu huku chumvi bado ingalimo. Kupaka plasta na rangi juu ya ufa kuna athari moja tu ya hakika: mkaguzi ajaye hatauona ufa.

Hapa niseme la kuwatuliza wale waliokwisha kuanza kutazama juu kwa hofu. Si kila ufa ni msiba. Zege lenye nondo za kawaida limekubaliwa lipasuke kidogo. Nondo hazianzi kubeba mzigo sawasawa mpaka zege la upande wa mvuto limefunguka nyufa nyembamba, na kipimo cha milimita 0.3 ndicho kinachotumika sana kama kikomo cha upana. Ufa mwembamba wa wima katikati ya mhimili, usiobadilika mwaka hadi mwaka, mara nyingi ni wa kawaida. Ufa unaofuata mstari wa nondo, tena wenye doa la kahawia, ni kutu. Ufa wa mshazari karibu na mahali mhimili unapoegemea nguzo ni wa kuharakishiwa, kwa sababu unahusu kukatika kwa mhimili kwa ghafla. Nyufa zilizotapakaa kama ramani zinaweza kuwa ni kokoto zenyewe zinazofura kwa kupambana na alkali ya simiti. Kuusoma ufa ni kujua unaelekea wapi, unapita wapi, na kama unakua. Upana peke yake hausemi mengi. Mkaguzi mzuri huweka alama na tarehe mwishoni mwa ufa, ili atakayekuja aone umesogea kiasi gani.

Pia hubeba nyundo. Hii ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Anagonga zege hatua kwa hatua akisikiliza: zege zima hulia kwa mlio mkavu, mkali, lililoachana na nondo hujibu kwa sauti ya kopo tupu, hata kama usoni halina hata mkwaruzo. Baada ya nyundo zinakuja nyingine. Kuna kifaa cha sumaku kinachopima nondo imelala kina gani. Kuna dawa ya fenoftalini, inayonyunyiziwa kwenye zege lililomegwa: penye ukali panageuka waridi iliyoiva, palipoliwa na hewa panabaki hivyohivyo. Kuna vumbi linalochimbwa kwa drili, kina baada ya kina, kupelekwa maabara kupimwa kloridi. Vipimo hivi viwili vya mwisho vina thamani kubwa kwa sababu vinaona ugonjwa kabla haujafika kwenye nondo. Daraja lisilo na ufa hata mmoja linaweza kuambiwa, "chumvi iko milimita 30, nondo iko 45." Huo ndio wakati wa kuliokoa kwa bei nafuu. Kuna kanuni ya kukisia iliyotolewa na mhandisi de Sitter mwaka 1984: shilingi isiyotumika kujenga vizuri itadai 5 katika matunzo, 25 katika ukarabati, na 125 katika kujenga upya. Tarakimu si za kuapia, mwelekeo wake ni wa kweli.

Kuna aina ya daraja ambayo nyundo haitoshi. Madaraja marefu ya zege, yenye nafasi kubwa kati ya nguzo na nguzo, hayategemei nondo za kulala tu. Ndani yake hupitishwa nyaya nene za chuma kigumu, zikavutwa kwa nguvu kubwa na kufungwa zikiwa zimekazwa, ili zege lote liwe limebanwa muda wote, lisipate nafasi ya kuvutwa. Ni kama vitabu ulivyovibana kwa viganja viwili ukavinyanyua vyote kwa pamoja. Nyaya hizo hukaa ndani ya mabomba, na mabomba hujazwa uji wa simiti. Uji ukiacha uwazi, maji yakaingia, waya unaliwa gizani. Na kwa sababu umekazwa, haufuri taratibu na kupasua zege ili utoe habari. Unakatika.

Wales, mwezi Desemba 1985, daraja dogo la Ynys-y-Gwas lililojengwa mwaka 1953 lilianguka lenyewe bila dalili iliyotambuliwa. Kwa rehema hakuna aliyekuwa juu yake. Dresden, Ujerumani, usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2024, sehemu ya daraja la Carola ilidondoka mtoni muda mfupi baada ya tramu ya mwisho kupita. Lakini lililo karibu nasi kwa tabia ni la Genoa, Italia, kwa kuwa Genoa ni mji wa bandari kama yetu. Daraja la Polcevera, alilolibuni Riccardo Morandi, lilifunguliwa mwaka 1967. Lilining'inizwa kwa nyaya, na nyaya hizo zikafunikwa ndani ya zege, kwa imani kwamba zege litazilinda. Mwaka 1979 Morandi mwenyewe aliandika kwamba zege linaharibika upesi kuliko alivyotazamia, kwa sababu ya hewa ya bahari na moshi wa viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyaya za mnara mmoja ziliimarishwa. Mnara ulioanguka tarehe 14 Agosti 2018, ukaua watu 43, ulikuwa mwingine. Kati ya onyo la aliyelibuni na siku ile ilipita miaka 39, na katika miaka hiyo yote magari yalipita.

Ukimwuliza mhandisi wa matunzo adui yake ni nani, atajibu neno moja: maji. Kemia yote tuliyoieleza haiendi bila maji. Kwa hiyo kazi kubwa ya kulitunza daraja ni kazi ndogondogo za kuyaondoa. Bomba la kutolea maji ya mvua likizibwa na mchanga na chupa za plastiki, maji hutuama juu ya daraja, yakatafuta njia, na njia ya karibu ni kiungio cha kutanukia, ule mwanya unaogongagonga matairi kila baada ya hatua kadhaa. Mpira wa kiungio ukichanika, maji yote ya barabarani huteremkia kwenye ncha za mihimili na kwenye beringi zinazoibeba. Hapo ni penye mzigo mkubwa, pembamba, penye giza, hapakauki. Madaraja mengi huanza kuoza hapo kuliko katikati. Barabara ya kwetu ina ziada yake: Gongoni na Marereni ndiko kwenye mashamba ya chumvi, na malori yake yanayoelekea Mombasa yanapita Sabaki. Nchi za baridi hutawanya chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kisha hulia na madaraja yao. Chumvi ikidondoka kwenye lori, mvua ikaja, bomba limezibwa na kiungio kimechanika, tumeipata hasara hiyo bila kuiona hata barafu.

Mjomba alikuwa muunda majahazi Lamu kabla ya kuhamia huku. Nilipomweleza habari ya mabomba na viungio hakushangaa. "Jahazi haliulizwi kama linavuja, mwanangu," aliniambia. "Linapandishwa pwani, likapigwa kalafati na deheni, likitaka lisitake." Hakuna nahodha aliyengoja maji yafike magotini ndipo atafute pamba. Kumwajiri kibarua mwenye koleo na fagio kabla ya masika, azibue kila bomba la daraja na kung'oa miche iliyoota viungioni, ni matumizi madogo mno. Kazi hiyo haizinduliwi kwa utepe, na nadhani ndiyo sababu husahauliwa.

Kuhusu uzito nitasema machache. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Madaraja ya zamani yalipigiwa hesabu za malori ya zama zake. Jambo la kuangaliwa ni kwamba lori fupi lililozidishiwa mzigo wa mawe au mchanga linaweza kuliumiza daraja kuliko trela refu lenye tani nyingi zaidi, kwa sababu uzito wote unakanyaga mahali pamoja. Na shimo la lami mbele ya kiungio hugeuza kila lori kuwa nyundo. Kufukia shimo hilo ni matunzo ya daraja pia.

Mwisho kuna mto. Sabaki huanza mbali, ukiitwa Athi, nyanda za juu za upande wa Nairobi. Ukikutana na Tsavo huitwa Galana. Kwetu huja na jina la tatu na rangi ya udongo. Matumbawe ya Malindi yamehifadhi katika tabaka zake kumbukumbu ya udongo huo kwa karibu miaka 300. Kwa daraja maana yake ni hii: mafuriko yanaweza kufika hapa tone halijanyesha, kwa mvua iliyonyesha Ukambani.

Maji yenye kasi yakigonga nguzo hayana pa kwenda ila pembeni na chini. Yanayokwenda chini huzunguka na kuchimba mchanga miguuni mwa nguzo. Udanganyifu wake ni kwamba shimo huwa kubwa zaidi wakati mto umejaa, pale ambapo hakuna anayeona. Maji yakipungua, mto unaachia mchanga wake na kulifukia. Unakwenda baada ya wiki, unaona nguzo imesimama kwenye mchanga laini kama zamani, lakini mchanga huo ni mpya, haujashikana, haubebi kitu. Marekani, kuchimbwa miguu namna hii huangusha madaraja mengi kuliko sababu nyingine yoyote. Daraja la Schoharie Creek, jimbo la New York, lilikwenda hivyo tarehe 5 Aprili 1987 na watu kumi. Ureno, tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro lilianguka mafurikoni na kuua watu 59, na katika sababu zake ulitajwa uchimbaji wa mchanga mtoni. Mtu anayejaza lori lake mchanga wa mto karibu na nguzo anachota sehemu ya daraja, ingawa hagusi hata kokoto ya zege.

Dawa yake ni kupima kina mara kwa mara mahali palepale, miaka nenda miaka rudi, na hasa mara baada ya mafuriko, kabla mto haujapata nafasi ya kufukia. Siku hizi kuna vipimo vya sauti. Manahodha walitia bildi, risasi iliyofungwa kambani, na kamba haisahau.

Barabara kuu za nchi, pamoja na madaraja yake, ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, iliyoundwa kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Fedha za matunzo hutoka kwetu: kila lita ya petroli au dizeli hukatwa ushuru wa matunzo ya barabara, uliopandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwenye bodaboda anauchangia kila asubuhi. Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Si lazima uwe mhandisi ili uandike barua hiyo. Usiulize kama daraja ni salama, maana utajibiwa ndiyo. Uliza lilikaguliwa lini kwa karibu, na si kwa kupita na gari. Uliza nondo ziko kina gani na chumvi imefika kina gani. Uliza viungio vilibadilishwa mwaka gani, na viraka vilivyowekwa, zege lilivunjwa mpaka nyuma ya nondo au liliishia usoni. Na uliza, mara ya mwisho kina kilipopimwa mguuni mwa kila nguzo, zilihesabiwa pima ngapi.